Mama Papasa wa Getini

Basi la kutoka Nairobi lilifika geti la Olmotonyi mchana, likiwa na vumbi mpaka kwenye kope za dereva. Lemburis, askari wa Forodha aliyekuwa zamu, alisubiri lisimame kabisa ndipo akalisogelea, maana breki za basi lile alikuwa anazijua. Wanaume walishuka wakapanga mizigo yao chini. Wanawake walishuka wakajikusanya kando, macho yao yakielekea kwenye chumba kidogo cha mabati nyuma ya ofisi.

Ndani ya chumba hicho Hedwiga alikuwa anapasha mikono yake moto juu ya jiko la makaa. Ulikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya mlima Meru ilikuwa inashuka kupitia msituni na kuingia kwenye mifupa. Alikuwa mjane kutoka Kibosho, anayeelekea miaka hamsini, mwenye mwili mzito na goti la kushoto lililomuuma kila alipochuchumaa. Na kazi yake ilikuwa kuchuchumaa. Yeye ndiye mwanamke pekee aliyewekwa na Forodha kupekua wanawake wanaotoka upande wa Kenya.

Waliingia mmoja mmoja. Aliwapapasa mabegani, kwapani, mgongoni na kiunoni, kisha akachuchumaa na kushuka mapajani mpaka vifundoni. Tangu wakati wa vita vitambaa vilikuwa vikiuzwa kwa mgawo, na mtu aliyeleta khanga au jora la marekani kutoka Nairobi bila kibali alihesabiwa kuwa mfanya magendo. Mwili wa mwanamke una mahali pengi pa kuzungushia kitambaa, na Hedwiga alipajua pote.

Siku ile hakupata kitu. Wa mwisho kuingia alikuwa bibi kizee wa Kimeru, mdogo wa umbo, aliyevaa koti la kiume lililomfika magotini. Hedwiga alimwamkia, bibi akaitikia, kisha akainua mikono yake kabla hajaambiwa, kama mtoto anayesubiri kuvuliwa shati. Hedwiga alipomaliza kumpekua alishika ukingo wa meza ili ainuke, goti likakataa. Bibi akamshika kiwiko, akamvuta taratibu mpaka akasimama.

"Mwanangu," bibi akasema, "hii ndiyo kazi wanayokupa kila siku?"

"Ndiyo, bibi."

"Pole."

Akajifunga koti lake, akatoka.

Matusi Hedwiga alikuwa ameyazoea. Alishatemewa mate miguuni, alishaombewa mabaya kwa Kimaasai, Kimeru, Kikamba na kwa Kichaga cha kwao, ambacho waliomtukana walidhani hakijui. Sokoni Arusha walimwita Mama Papasa. Kanisani, akikaa kwenye benchi, wanawake walio karibu walivuta nguo zao kuzikusanya, hata wale ambao hawajawahi kuvuka mpaka maishani mwao. Yote hayo aliyabeba. Lakini ile pole ya bibi ilimkuta hana pa kuiweka. Alikaa juu ya kiti chake, akasikia basi likiondoka, na hakuinuka hata Lemburis alipokuja kugonga bati kumwambia chai iko tayari.

"Lemburis," alisema kupitia mlangoni, "mimi nimechoka na miili ya watu."

"Chai itapoa, Mama Ndeshi," Lemburis akasema.

Namna alivyoingia kwenye kazi ile ilikuwa hivi. Mume wake, Romanus, alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja mjini Arusha. Alipita getini mara nyingi, na karani mkuu wa Forodha, Mgoa mwembamba ambaye kila mtu alimwita Bwana Karani, alimpenda kwa sababu hakuwahi kuficha kitu. Romanus alikufa kwa homa ya mapafu miaka ya katikati ya vita, akamwacha Hedwiga na binti yao Ndeshi katika chumba cha kupanga. Wakati huohuo Forodha ilikuwa na taabu. Askari wa kiume alikuwa amempapasa mke wa mzee wa kanisa kutoka upande wa Nkoaranga. Wazee wa Kimeru waliteremka mpaka bomani, wakakaa kwenye nyasi mbele ya ofisi kutwa nzima bila kusema neno. Wazungu hawakukipenda kile kimya. Wakaamua atafutwe mwanamke mtu mzima, mwenye heshima zake, asiye na mume wa kumzuia.

Bwana Karani akamkumbuka mjane wa Romanus.

Usaili wake ulikuwa mfupi. Afisa wa Kizungu alimuuliza kama anajua kusoma, akasema kidogo. Alimuuliza kama anaogopa watu wakikasirika.

"Bado sijajua, bwana," Hedwiga alijibu.

Afisa alicheka, akaandika. Kulikuwa na jambo moja tu la kuwasumbua: katika vyeo vyote vya idara hakukuwa na cheo cha mwanamke. Bwana Karani alifunua kurasa mbele na nyuma, wakashauriana kwa Kiingereza, mwishowe wakamwandika mfagiaji. Na kwa kuwa aliandikwa mfagiaji, alifagia pia. Kila asubuhi kabla ya mabasi alifagia ofisi, veranda na njia mpaka kwenye nguzo ya geti, ndipo akanawa mikono na kuingia chumbani kwake kusubiri wanawake.

Ndeshi aliolewa Kibosho katika miaka hiyo. Alikuja kumwona mama yake mara moja, akakaa kwenye chumba alicholala mama yake nyuma ya geti, akaona basi moja likipekuliwa, akaondoka na lililofuata.

Sasa, mwaka huu wa pole ya bibi, Forodha ya Tanganyika ilikuwa imeunganishwa na ile ya Kenya na Uganda ikawa idara moja yenye makao yake Mombasa. Mwezi wa Agosti watumishi wote wa eneo lile waliitwa Arusha kumsikiliza Bwana Mkubwa aliyetoka huko. Walipangwa uani kwenye jua. Bwana Mkubwa alieleza historia ya Forodha tangu wakati wa Wajerumani, na Bwana Karani alitafsiri. Alitaja bandari za Tanga na Dar es Salaam. Alitaja pembe za ndovu zilizokamatwa ndani ya magunia ya nta, akataja askari waliokufa kwa malaria kwenye vituo vya mbali, na namna kila kizazi cha watumishi kilivyopatikana: kwanza walioachwa na Wajerumani, kisha makarani kutoka Goa, kisha vijana wa shule za misheni. Alisema idara mpya inahitaji watu wapya, na kila mmoja wao aende kwao awe mjumbe, awatafute vijana waaminifu.

Hedwiga alisimama nyuma kabisa, mguu mmoja ukibeba uzito wa yote miwili. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakutajwa. Hakukasirika pia, kwa sababu hasira inataka nguvu. Alichotaka ni kukaa chini.

Watu walipotawanyika kwenda kunywa chai alimfuata Bwana Karani chini ya kivuli chembamba cha paa.

"Bwana Karani, nataka kuacha kazi."

Mgoa alivua miwani akaifuta kwa tai yake. Naye alikuwa amezeeka katika kazi ile, macho yake yamezungukwa na weusi. "Umeugua?"

"Goti. Na mengine."

"Nitamwambia." Alikwenda, akazungumza na Bwana Mkubwa kwa muda usio mrefu, akarudi. "Anasema ni haki yako kuacha. Lakini nafasi yako haimo kwenye mpango mpya. Ukiondoka bila kumleta mwanamke mwingine, nafasi inafutwa."

"Na wanawake watapekuliwa na nani?"

Bwana Karani alivaa miwani yake. "Na Lemburis," akasema. "Na wenzake."

Lemburis alikuwa mtu mwema. Wenzake si wote. Hedwiga alikumbuka wale wazee kwenye nyasi, akamkumbuka na bibi kizee aliyeinua mikono bila kuambiwa, akamwona yuko mbele ya mwanamume.

"Nitatafuta," alisema.

Alianza kwa Tabitha. Huyu alikuwa mwanamke wa Kimeru, Mlutheri, aliyekuwa na shamba la kahawa na migomba juu ya Nkoaranga. Alijua kusoma vizuri, mume wake alikuwa hoi kitandani muda mrefu, na watu walisema anatafuta kazi ya mshahara. Hedwiga alipanda kilima siku ya mapumziko yake, akisimama kila mara kupumzisha goti. Tabitha alimkaribisha vizuri, akamwekea kigoda, akamletea ndizi za kuchoma na maziwa ya mgando. Alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Umekuja mbali," Tabitha alisema. "Sitaki nikurudishe na maneno matupu, kwa hiyo nitakwambia kweli. Unanikumbuka?"

Hedwiga alimtazama. "Hapana, mama."

"Ulinipekua mwaka juzi. Nilikuwa nimetoka hospitali Nairobi na mume wangu. Hukunikuta na kitu, ukaniambia asante, nenda salama. Hukunifanyia ubaya wowote." Tabitha aliinamisha kichwa. "Nilifika hapa usiku, nikachemsha maji nikaoga. Nikachemsha tena. Watoto wakaniuliza mama una nini, nikashindwa kuwaambia. Sasa nikiwa mimi ndiye ninayewapeleka wenzangu wakaoge vile, nitalalaje?"

Hedwiga alimaliza maziwa yake kwa sababu ni adabu kumaliza. Wakati wa kuondoka Tabitha alimsindikiza mpaka kwenye mfereji, akampa mkungu mdogo wa ndizi za kupika. Alimpa fimbo pia ya kushukia.

Alimpata wa pili kwa taabu: Eunike, mke wa mpishi wa mlowezi mmoja upande wa Momela. Alikuwa kijana, mchangamfu, mwenye mikono mikubwa. Alisema yeye haogopi mtu. Bwana Karani aliruhusu aje ajaribu siku moja. Asubuhi alifagia na Hedwiga, akapiga soga na Lemburis, akalisifu geti na msitu. Basi lilipofika, aliyeingia kwanza alikuwa mama mmoja wa makamo ambaye hata hakumjua. Eunike alinyoosha mkono mpaka karibu na bega lake, mkono ukabaki hewani. Yule mama alisubiri. Hedwiga alisubiri.

"Mshike tu," Hedwiga alimwambia kwa sauti ya chini. "Begani. Anza begani."

Eunike alirudisha mkono wake, akauficha ndani ya khanga. "Samahani, mama," alisema, na haikujulikana anamwambia nani kati ya wale wawili. Hedwiga alipekua basi lote peke yake. Lilipoondoka kwenda mjini, Eunike alikuwa ndani yake, amekaa dirishani, anatazama upande wa pili.

Baada ya hapo habari zilienea kwamba Mama Papasa anatafuta wa kumrithi, na watu wakacheka sana sokoni Ngaramtoni. Binti mmoja wa misheni alitaka, baba yake akakataa. Mjane mmoja alikubali, wanawe wakaja kumwambia Hedwiga asirudi tena nyumbani kwao. Mwezi wa Septemba ukaisha. Hedwiga aliendelea kuchuchumaa na kuinuka.

Jumapili moja alasiri alikuwa amelala kitandani, bila usingizi, akasikia mtu anakohoa mlangoni. Alipofungua alimwona Resiato.

Resiato alikuwa Mwarusha, mrefu, masikio yake marefu yana shanga, mfanyabiashara wa ugoro na vitambaa. Hedwiga alimkamata mara mbili. Mara ya kwanza Forodha ilichukua mzigo wake wote. Mara ya pili alifungwa bomani mpaka kaka zake walipouza mtamba kulipa faini. Tangu siku hiyo alikuwa akipita getini bila kitu mwilini, anaingia chumbani, anapekuliwa huku akitazama bati la juu, anatoka. Hawakuwa wamesemezana neno lisilo la lazima kwa zaidi ya mwaka.

"Takwenya," Hedwiga alimsalimu kwa Kimaasai alichofundishwa na Lemburis.

"Iko," Resiato aliitikia. "Nimesikia unatafuta mtu, yeyo."

Neno la kumwita mama lilimshangaza. Alimpisha aingie. Resiato alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akatazama chumba: jiko, sanduku, msalaba mdogo ukutani, gauni la kaki kwenye msumari.

"Unatafuta kazi hii ili wenzako wapite," Hedwiga alisema.

"Nilijua utaniambia hivyo." Resiato alinyoosha miguu yake. "Sikiliza. Nimepanda hilo basi tangu kabla vita havijaisha. Wengine wote wakishapita Longido wanalala, wanakoroma. Mimi silali. Nakaa nasikiliza moyo wangu mpaka hapa. Hata siku ambazo sina kitu, moyo haujui kama sina kitu, unapiga vilevile. Wewe unachoka ukiwa umesimama, mimi nachoka nikiwa nimekaa. Mume wangu ana mke mwingine sasa, ng'ombe wako kwake. Nataka mahali ambapo mvua ikinyesha nalipwa, jua likiwaka nalipwa."

"Watakuchukia."

"Kwani sasa wananipenda?"

Hedwiga alimtazama uso. Ulikuwa umekonda kuliko alivyoukumbuka. Katika siku zote alizompekua hakuwahi kuutazama, kwa kuwa alijifunza mapema kutotazama nyuso.

Siku iliyofuata alimweleza Bwana Karani kila kitu, pamoja na zile mara mbili. Hakutaka kuondoka na uongo. Mgoa alisikiliza huku amefumba macho, kalamu mkononi.

"Huyu ndiye aliyefungwa?"

"Ndiye."

"Wengine wamekataa wote?"

"Wote."

Bwana Karani alifumbua macho. "Mombasa wameandika kwamba watakubali mwanamke," alisema. "Hawakuandika mwanamke wa namna gani."

Afisa aliyemsaili Resiato alikuwa kijana mgeni, uso wake umebabuka kwa jua. Hedwiga alisimama karibu na mlango. Afisa aliuliza kama mama huyu anaifahamu kazi ya Forodha.

"Naifahamu, bwana," Resiato alisema. "Miaka mingi."

Bwana Karani alitafsiri bila kutikisa hata nyusi. Afisa alifurahi. Alisema ni nadra kumpata mwanamke wa huku aliyeijali idara hata kabla ya kuingia. Na kwa kuwa mambo yalikuwa mapya, safari hii walimpa cheo chake sawasawa: mpekuzi wa wanawake. Hedwiga alisikia maneno hayo yakisomwa kwa sauti. Yeye mpaka siku hiyo alikuwa mfagiaji bado.

Alimfundisha kazi. Pasha mikono moto kwanza, hata kama kuna foleni. Mwamkie aliyekuzidi umri kabla ya kumgusa. Anza begani, maana bega halina aibu. Ongea, uliza habari za mvua, uliza habari za safari, usimwache asikie mkono wako peke yake. Akianza kujifunga nguo zake geuka utazame ukuta. Resiato alishika haraka. Mikono yake ilikuwa myepesi, na watu wengi walitoka chumbani kabla hawajapata nafasi ya kukasirika.

Kisha akaja Hanna. Hedwiga alimjua: Mmeru mnene, mcheshi, aliyesafiri na Resiato miaka yote ile, viti vyao vimeshikana. Aliingia, akamwona rafiki yake ndani ya gauni la kaki, akasimama.

"Kumbe ni kweli," Hanna alisema.

"Ni kweli," Resiato alisema. "Habari za safari?"

"Ndefu."

Resiato alipasha mikono. Alianza begani. Hedwiga alikuwa amekaa kwenye kona yake, na alikuwa amepekua wanawake wengi mno asijue mkono unapokutana na kitu. Mkono wa Resiato ulifika juu ya tumbo la Hanna, ukasimama. Ulikuwa unene wa kitambaa kilichokunjwa vizuri, kikabanwa kwa mkanda. Nje, kondakta alikuwa anaita watu wapande.

Mkono uliendelea chini, pajani, gotini, kifundoni.

"Nenda salama," Resiato alisema.

Hanna alitoka bila kugeuka. Hedwiga alikuwa na uwezo wa kumwita. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini kumwita Hanna kulikuwa na maana ya kumpoteza Resiato, na kumpoteza Resiato kulikuwa na maana ya yeye kuinuka kwenye kile kiti na kurudi mezani, kesho na keshokutwa, mpaka goti limshinde au afe. Alikaa. Alijishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Basi lilipoondoka Resiato alikuja kukaa chini, mgongo ukutani, karibu na miguu yake.

"Umeona," alisema.

"Nimeona."

"Utamwambia Mgoa?"

"Hapana."

Makaa yalikuwa yanajifunika majivu.

"Nitakwambia namna itakavyokwenda," Hedwiga alisema. "Sikwambii kwa kukuonya, nakwambia ujue tu. Utampitisha Hanna. Utampitisha mwenye mimba, na mwenye mtoto mgonjwa, na yule anayekulilia. Watakwenda kuambiana. Watakuja wengi, kila mmoja na habari yake, na kila habari ni ya kweli. Utawasikiliza mpaka siku moja utakuwa umechoka, hutaki kusikia tena. Siku hiyo utaanza kukamata. Watu watasema umekuwa na roho mbaya. Si roho. Ni uchovu tu."

Resiato aliokota kijiti akachokoa makaa. "Na wewe ilikuchukua muda gani?"

"Mvua mbili, tatu. Sikumbuki vizuri."

"Mimi nitajitahidi zifike nne," Resiato alisema.

Hedwiga aliondoka mwisho wa mwezi ule. Hakukuwa na sherehe. Bwana Karani alimshika mkono, akasema Romanus angemshukuru, kisha akaitwa ndani. Lemburis alimbebea sanduku mpaka barabarani, akasimamisha lori la mbao lililokuwa linatoka msituni kwenda mjini, akamwambia dereva amweke mbele. Resiato alikuwa na basi la kupekua. Alitoa kichwa mlangoni mara moja, akainua mkono, akarudi ndani.

Lori lilipofika Ngaramtoni Hedwiga alikuwa amekwishalala. Alilala Ngaramtoni yote, kichwa kikigonga mlango, akalala wakipita mashamba ya kahawa, akalala lori liliposimama kupakia, na lilipoingia mjini dereva alimwacha alale wakati anashusha mbao, maana hakuwa na moyo wa kumwamsha mtu aliyelala namna ile. Aliamka jua limeelekea magharibi, shingo imekakamaa, bila kujua yuko wapi. Dereva alikuwa amekaa kivulini anakula mahindi.

"Umefika zamani, mama," alisema.

Alikuwa amepata kijumba cha udongo Lemara, na kipande cha ardhi alichoazimwa na muumini mwenzake, chenye migomba michache na mfereji wa maji. Wiki za kwanza hakufanya kitu cha maana. Alilala mchana, akaamka akala, akalala. Majirani walidhani ni mgonjwa, wakamletea uji. Polepole alianza kupalilia. Goti halikupona, ila sasa alichuchumaa alipotaka mwenyewe.

Mvua za vuli zilipokuwa zinaelekea kukatika, Resiato alikuja kumtembelea. Alikuja bila gauni la kaki, amevaa lubega yake, amebeba kibuyu cha maziwa. Alikuwa amejaa vumbi na alitembea kama mtu aliyebeba kitu kizito kuliko kibuyu. Hedwiga alimtandikia mkeka karibu na migomba, akakaa naye akaanza kumenya ndizi za jioni.

"Hanna nimemkamata," Resiato alisema.

"Ulimwacha mara ngapi?"

"Nimeacha kuhesabu. Juzi aliingia anacheka, akaniambia fanya haraka. Hilo tu. Aliniambia fanya haraka." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sikufikisha hata mvua moja, yeyo."

Hedwiga aliendelea kumenya. "Wanakuitaje?"

"Wewe walikuita kwa Kiswahili. Mimi wananiita kwa Kimaasai. Ni baya zaidi, usiniulize."

Wote wawili walitabasamu kidogo, halafu tabasamu likaisha.

"Mombasa wameleta habari mpya," Resiato alisema. "Wanataka wanawake wengine wawili, wakae Namanga, mpakani kabisa. Afisa kaniita. Kasema kwa kuwa mimi naipenda kazi, nitafute watu."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia nitatafuta. Ningemwambia nini?"

"Nkoaranga usiende," Hedwiga alisema. "Yule mama atakupa maziwa, na atakwambia kweli."

Resiato alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka, mkono mmoja chini ya kichwa, macho yake yakijaribu kubaki wazi. Alisema kwamba anapumzika tu kidogo, kwamba lazima awahi lori la jioni, kwamba kesho kuna mabasi mawili. Maneno ya mwisho hayakusikika vizuri. Hedwiga alisubiri mpaka pumzi yake ilipokuwa nzito. Kisha aliweka kisu chini, akainuka kwa kujishikilia kwenye mgomba, akaenda kuwafukuza kuku waliokuwa wanaparura karibu na mkeka, akiwapungia khanga bila kutoa sauti.